Tafuta Pamba, Upate Simba

Ukitaka kujua kama programu ya kutafutia maandishi inafanya kazi, usiijaribu mwenyewe. Mkabidhi katibu wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), mtu aliyeshika majalada yote kichwani kabla kompyuta haijafika Bariadi. Wetu alivaa miwani, akaandika neno moja: mkulima. Jibu likaja: hakuna.

"Kijana, chama cha wakulima kinakosaje mkulima?"

"Shikamoo tena, Mzee. Wamo, ila wameandikwa wakulima."

"Kwa hiyo wakiwa wengi si wale wale?"

Programu hiyo imejengwa juu ya Lucene, maktaba ya Java iliyoandikwa na Mmarekani Doug Cutting mwaka 1999, na ambayo tangu 2001 inalelewa na Apache. Haisomi majalada wakati unapouliza. Ilishayasoma zamani, ikayakatakata maneno na kuyapanga kwenye faharasa. Ukiuliza, inapekua faharasa tu, na neno lisipolingana herufi kwa herufi, basi kwake halipo duniani. Kwa Kiingereza inacho kichujio cha kukata mikia ya maneno, ndiyo maana umoja na wingi hukutana. Kifini wanacho chao, Kihindi wanacho, hata Kibaski. Kiswahili hatumo. Na hicho cha Kiingereza tungekiazima kingetufaa nini, sisi ambao neno hubadilikia kichwani?

Nikamfundisha Mzee kinyota: weka *lima, utapata kila kinachoishia hivyo. Lucene kwa kawaida hukataa kinyota kikitangulia, maana inabidi ipitie maneno yote ya faharasa, jambo linalochosha mashine. Nikairuhusu. Wakaja wakulima, akaja aliyelima na atakayelima. Ukaja mlima, kikaja kilima. Kisha zikamiminika barua zote zilizowahi kuandikwa kutoka Itilima. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, Itilima ikiwa mojawapo ya wilaya zake, hakuna aliyemfikiria mtu wa kinyota.

Shida kubwa ilikuwa pamba. Huku pamba ni kila kitu: ada ya shule, mahari, bati. Karani mmoja lakini alikuwa na vidole vya haraka, akaiandika "pmaba" msimu mzima. Dawa yake ni kiwimbi: ukiandika pamba~ Lucene inasamehe makosa hadi herufi mbili. Nikamwonyesha Mzee kwa majivuno. Ikaja pamba, ikaja "pmaba", na nyuma yao ikaja kila karatasi yenye neno "namba". Ofisini ni karatasi gani haina namba? Zikaja kamba, akaja mamba, yakaja mashamba yaliyoandikwa moja moja. Mwisho ikatokea barua ya vijana wakiomba ruhusa ya kwenda kuiona Simba ikicheza Mwanza.

Mzee ni Yanga damu. Akavua miwani. "Na Yanga iko wapi?"

Nikamweleza kwamba kutoka pamba kwenda Simba unabadilisha herufi mbili, ila kwenda Yanga ni tatu, na tatu hazisamehewi. Ni hesabu tupu, Mzee. Alinitazama kama refa aliyekataa goli. Mpaka leo anaamini huyo Cutting ana kadi ya Msimbazi.

Ng'ombe nao walitutesa, na hili kwa Wasukuma si dogo. Karani mmoja anaandika kwa apostrofi iliyonyooka. Mwingine anatumia programu ya barua inayoipinda yenyewe. Wa tatu, wa simu, haweki kabisa. Kwa Lucene hao ni mifugo ya aina tatu isiyojuana, na Mzee alipohesabu wa aina moja tu akataka kuita polisi. Hapo tiba ni rahisi: ondoa apostrofi zote, kwenye karatasi na kwenye swali.

Barua za serikali zina mikwaju kwenye namba ya kumbukumbu, na Lucene ikiona mkwaju inadhani unaanza kuandika fomula. Mkwaju mmoja, inagoma. Miwili, inajibu kitu ambacho hukuuliza. Sijui lipi ni baya zaidi. Muhtasari wa kikao cha asubuhi hauonekani mchana? Haujathibitishwa kwenye faharasa, au msomaji wa faharasa hajafunguliwa upya. Na lile faili la kufuli, write.lock, ambalo watu hukimbilia kulifuta umeme ukirudi, liacheni. Kufuli lenyewe lilishaachiwa programu ilipozimika. Faili hubaki tu. Likigoma kweli, tafuteni nani amefungua programu mara mbili.

Hatimaye tukatengeneza kichujio chetu cha kukata vichwa: m-, wa-, ki-, vi-. Kinakata ovyo, sikatai, lakini kinakata ovyo vilevile pande zote, kwenye faharasa na kwenye swali, kwa hiyo vipande vinakutana. Mkulima na wakulima wakapatana. Hata jina la Maswa, lililokatwa likabaki "aswa" pande zote mbili, halikuumia. Tatizo ni kwamba mtu, watu, kitu na vitu, ukivikata vyote, kinachobaki ni "tu".

Siku ya maandalizi ya mkutano mkuu, Mzee aliomba orodha ya watu. Ikaja orodha ya vitu: mizani, maturubai, magunia, toroli bovu. Nikaanza kujieleza, akaniinulia mkono.

"Acha hivyo hivyo, mwanangu. Hawa hawatadai posho."