Mwezi wa Riwaya na Hati ya Shamba

Katika nyumba yetu hapa Chaka, Kieni, ukitaka kujua umri wa mtoto, uliza alisoma riwaya gani alipokuwa kidato cha nne. Kifungua mimba ni wa *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed. Anayemfuata ni wa *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora. Wa tatu alifanyia mtihani *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, na kitinda mimba sasa anahangaika na *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi. Nyumba nyingi za Kenya zinaweza kuwapanga watoto wao hivyo. Nyingi pia hufanya kama yetu: mtihani ukiisha, kitabu huingia sandukuni pamoja na sare kuukuu na ripoti za muhula, na hakuna anayekumbuka tena kwamba mle ndani mna hadithi.

Agosti iliyopita hadithi hizo zilitoka zote. Umeme ulipotea jioni moja ya manyunyu, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, na televisheni ikaungua. Fundi aliifungua, akanusa, akasema kipuri kitakawia. Na baridi ya Agosti huku Kieni haina mzaha. Mlima Kenya uko upande mmoja, Nyandarua upande wa pili, na upepo unapita katikati, yaani hapa kwetu. Giza likiingia kila mtu yuko jikoni kando ya moto. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima humwita Cucu, aliuvumilia ule ukimya jioni mbili tatu, kisha akamgeukia kitinda mimba.

"Wewe kila siku unanung'unika na hicho kitabu. Hebu kinung'unikie kwa sauti tusikie sote."

Mwezi wa riwaya ulianza hivyo. Kijana alisoma, mimi nikimenya viazi, na mume wangu, Baba Watoto, akimfafanulia mama yake kwa Kikuyu pale Kiswahili kilipokuwa kizito. Cucu alijifunza Kiswahili sokoni na redioni, lakini sikio lake ni kali. Mrima, mume wa Mangwasha katika *Nguu za Jadi*, alipoanza kuzama katika ulevi, Cucu aliacha kuchochea moto. Hakuna nyumba ya Nyeri isiyomjua Mrima. Pombe imetuchukulia wanaume wengi mno katika vijiji hivi, na wake zao wamebaki wakibeba watoto, shamba na aibu. Cucu alitaka kujua kila jioni Mangwasha amefikia wapi. Shemeji yangu mmoja, ambaye naye amepambana na chupa kwa miaka, alianza kuja saa ya kusoma, akakaa karibu na mlango bila kusema neno. Hakukosa hata jioni moja mpaka kitabu kilipokwisha.

Kusomeana riwaya kando ya moto si jambo geni huku mlimani, na Cucu ndiye aliyetukumbusha. Mwaka 1980, Ngũgĩ wa Thiong'o alipochapisha *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, riwaya aliyoiandika kizuizini Kamiti juu ya karatasi za chooni, watu waliisoma kwa makundi. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua: majumbani, kazini saa ya chakula, hata kwenye baa. Ilibidi ichapishwe upya mwaka huohuo. Marehemu baba mkwe alikuwa miongoni mwa wasomaji hao, na Cucu bado anakumbuka sauti yake. Na kabla ya hapo palikuwa na Gakaara wa Wanjau pale Karatina, mzaliwa wa Tumutumu, aliyekuwa na kiwanda chake cha uchapishaji na aliyeandika kwa Kikuyu tangu miaka ya 1940. Wakoloni walimweka kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Shajara yake ya kizuizini ilimpatia tuzo ya Noma mwaka 1984. Watu wa mlimani walisoma, na walisoma kwa hiari yao, bila kutahiniwa na mtu.

*Nguu za Jadi* ilipokwisha, sanduku likafunguliwa. *Utengano* ndiyo iliyotangulia kutoka, na ndiyo iliyotangulia kutuvuruga.

Bwana Maksuudi wa *Utengano* ni mkubwa wa siasa anayeheshimiwa nje na kuogopwa ndani. Amewafungia mkewe Tamima na binti yake Maimuna nyumbani kama mali. Siku Tamima anapojifungua kwa msaada wa mkunga aliyeitwa bila idhini ya mumewe, Maksuudi anampiga na kumpa talaka. Tulipofika hapo Cucu alinyanyua mkono, kijana akanyamaza. Kisha mama akamtazama mwanawe.

"Na wewe binti yako akiomba kwenda Nanyuki kusomea kazi ya hoteli, unasema msichana hakai mbali. Tofauti iko wapi?"

Baba Watoto alisimama akatoka nje. Alirudi kila mtu akiwa amelala, na asubuhi alikunywa chai peke yake. Nyumba yetu ilikaa na ubaridi huo kwa siku kadhaa, na mimi nilikuwa katikati, nikipeleka ujumbe kutoka kwa mama kwenda kwa mwana na kurudi. Jambo la Nanyuki lilikuwa limelala nyumbani mwetu mwaka mzima. Mimi nilishindwa kulitaja, binti alishindwa, na Cucu alikuwa akilipita kando kwa heshima. Maksuudi, mtu wa kubuniwa aliyeandikwa na mwandishi wa Zanzibar, ndiye aliyetufungulia mlango. Riwaya hukupa mtu wa tatu wa kumsema, na ukishamsema yeye, umekwisha kusema lililokukaa moyoni bila kumtukana mtu wa nyumbani. Mwisho wa wiki hiyo Baba Watoto alimwita binti akamwambia aulize karo ni kiasi gani.

Tulidhani dhoruba imepita. Ikaja *Kidagaa Kimemwozea*.

Walibora, tuliyempoteza mwaka 2020 baada ya kugongwa na matatu jijini Nairobi, alimchora Mtemi Nasaba Bora wa Sokomoko kwa kalamu isiyo na huruma: kiongozi anayejitwalia mashamba ya watu kwa hila na kuwaacha wenyewe wakiwa vibarua katika ardhi ya babu zao. Ukisoma hayo Kieni, unasoma habari za nyumbani. Sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa ya walowezi. Baada ya uhuru wazee wetu walichanga fedha, wakanunua hisa katika kampuni na vyama vya kununua mashamba, wakagawiana vipande, na wengi walikufa wakiwa bado wanafuatilia hati. Baba mkwe aliipata yake, na aliishika kwa mikono miwili.

"Taito yetu iko wapi?" Cucu aliuliza ghafla, mjukuu akiwa katikati ya sentensi. "Nataka kuiona usiku huu."

Baba Watoto aliweka kikombe chini. Alichukua muda kujibu. Miaka kadhaa nyuma, wezi walipovunja nyumba za jirani na kubeba mabegi na visanduku vya chuma, alikuwa ameihamisha hati. Aliificha mahali ambapo mwizi hawezi kupaangalia: katika jalada la kitabu cha shule, kati ya karatasi ya gazeti na nailoni tunayofunikia vitabu vya watoto.

"Kitabu gani?" nikauliza.

"*Chozi la Heri*."

*Chozi la Heri* haikuwamo sandukuni. Jirani yetu anayeuza karoti katika soko la Chaka alikuwa akipita jioni kusikiliza, na wiki iliyotangulia alikuwa ameiazima kwa ruhusa ya Cucu mwenyewe.

Hatukulala. Alfajiri tulikuwa sokoni, malori yakipakia kabichi na viazi vya kwenda Nairobi, akina mama wamejifunika mashuka mpaka masikioni. Jirani alitupokea kwa furaha na kuanza kutusimulia habari za Ridhaa, yule daktari anayesimama mbele ya kifusi cha nyumba yake, mke na watoto wake wakiwa wameteketezwa na watu aliowaita majirani. Alikuwa amekisoma kitabu usiku kwa usiku. Sasa kilikuwa wapi? Alikuwa amemwachia msusi wake wa Kiganjo.

Tukapanda matatu hadi Kiganjo. Msusi alisema hajawahi kupata wateja watulivu kama siku zile. Mmoja husukwa, mwingine husoma kwa sauti, na hakuna anayelalamika kwamba kichwa kinavutwa. Waligombana, alituambia, juu ya Umulkheri na ndugu zake Dick na Mwaliko waliotawanywa wakiwa wadogo. Nusu ya saluni ilimlaumu mama yao aliyewaacha, nusu ikasema hamjui mtu anakimbia nini. Lakini kitabu hakikuwapo. Mteja mmoja alishindwa kuondoka bila kujua kama watoto wale watakutana tena, akaenda nacho nyumbani kwake, Naro Moru.

Baba Watoto aliinamisha kichwa. Ukubwa wa shamba, miaka ya baba yake, mazizi ya ng'ombe, nyumba tunayolala, vyote vilikuwa vikisafiri katika mikoba ya watu kuelekea Nanyuki, chini ya kipande cha nailoni.

Naro Moru tulinyeshewa. Tulimpata yule mama jikoni kwake. Kitabu kilikuwa mezani, juu ya kitambaa safi, jalada lake la gazeti limeanza kubadilika rangi, kwenye pembe pana alama ya kidole chenye mafuta. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na penseli ya binti yangu, yule mtoto wa tatu: "maudhui", "swali!", "mbinu rejeshi". Tulimweleza shida yetu. Hakustaajabu sana. Alileta wembe, Baba Watoto akakata gundi taratibu, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Hati ilikuwa kavu na nzima, jina la baba yake likisomeka bila shida.

Nilinyoosha mkono nichukue na kitabu. Yule mama akaweka kiganja chake juu yake.

"Niachieni nimalize, mama," alisema. "Mimi nilitoka Bonde la Ufa mwaka 2008. Nyumba yangu pia ilichomwa. Sijawahi kukutana na mtu aliyeandika vile nilivyosimama siku hiyo."

Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi wa 2007, na wengi walionusurika walikuja kuanza upya katika miji yetu hii, wakauza mboga pamoja nasi, na sisi hatukuwauliza kitu. Binti yangu alikuwa ameipigia mistari riwaya hiyo apate alama. Mama huyu alikuwa akiisoma apate kupumua. Baba Watoto ndiye aliyejibu: "Kaa nacho, dada. Ni chako."

Kisa chetu hakikuishia hapo, kwa sababu hati iliyopatikana ilitukumbusha jambo ambalo familia nzima ilikuwa imelikwepa: shamba bado liko kwa jina la marehemu. Cucu hakungoja. Alitaka urithi ushughulikiwe, na alitaka mabinti zake walioolewa waandikwe pamoja na kaka zao. Ndugu wawili walinung'unika. Cucu aliwauliza kama wanataka kuwa akina Nasaba Bora, na mnung'uniko ukaisha. Sheria iko upande wake. Sheria ya Urithi, iliyotungwa 1972 na kuanza kutumika 1981, haimbagui mtoto wa kike. Tumechukua cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, na ombi limeingia mahakamani. Tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali, watu hupewa siku 30 za kupinga, na kwa kawaida hupita miezi 6 kabla ya mgawanyo kuthibitishwa. Ni njia ndefu, lakini tumeianza, na tumeianza tukiwa tunaongea.

Nikiutazama mwezi ule, kila riwaya ilitugusa pale tulipokuwa tunajificha: pombe ya shemeji, binti aliyezuiwa, ardhi ya marehemu, majirani tusiowauliza walitoka wapi. Shule zetu zimewafundisha watoto kuzipasua riwaya hizi kwa maudhui na wahusika, na walimu wanafanya kazi nzuri katika mazingira magumu. Lakini riwaya inayokufa siku ya mtihani imedhulumiwa, na sisi wazazi ndio tunaoizika. Said Ahmed Mohamed, Walibora, Matei na Momanyi hawakuandika kwa ajili ya karatasi ya maswali peke yake. Waliandika kwa ajili ya Cucu anayechochea moto, kwa ajili ya msusi na mteja wake, kwa ajili ya mama wa Naro Moru.

Kwa hiyo ndugu msomaji, fungua lile sanduku. Toa riwaya waliyoacha watoto, keti na watu wako baada ya chakula, usome kwa sauti, hata kama ni kurasa chache kila jioni. Ukimaliza, mwazime jirani. Ila kagua jalada kwanza, na kama jina lililo kwenye hati ya shamba lenu ni la mtu aliyekwisha kufariki, nenda kwa chifu wiki hii.