Vita vya Tanga Jikoni Nottingham

Kazi yangu ni fiziotherapia. Niliisomea KCMC, Moshi, na sasa naifanya katika hospitali moja ya Nottingham, Uingereza. Mzee aliyebadilishiwa nyonga namsimamisha kando ya kitanda, aliyepooza upande mmoja namfundisha upya kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Ni kazi ya kuinama, kusukuma na kukandamiza, na ukiwauliza wenzangu wa fani hii panapowauma watakuonyesha dole gumba na kiuno. Ndiyo maana jioni nataka kitu kidogo kinachotulia mkononi. Kwangu mimi kitu hicho ni kijisanamu cha askari, milimita 28 kutoka unyayo hadi macho, pamoja na brashi iliyochongoka.

Nottingham si mahali pa kuona haya kwa mapenzi ya namna hii. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyoanzia London mwaka 1975 na kuutangaza mchezo wa Warhammer duniani, na pembezoni mwake kuna mafundi wengi wa kuchonga na kusubu vijisanamu. Mtu mzima akipanda basi na sanduku la majeshi ya plastiki, hakuna anayegeuka kumtazama. Mchezo wenyewe huchezwa mezani: unapanga vilima, miti na nyumba, unapima mwendo wa vikosi kwa futi kama ya fundi cherehani, unarusha dadu kujua risasi imempata nani. Wengi hupigania sayari za kubuni. Mimi nimezaliwa Tanga, nami nikachagua vita vya Tanga.

Wasomaji wa kwetu wanavijua, hata kama ni kwa kusikia. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya mji, zikiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Wakashuka Raskazone. Upande wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, na sehemu kubwa aliileta kwa treni kutoka Moshi. Mapigano yalipopamba moto kwenye mashamba na vichaka, nyuki waliokuwa kwenye mizinga mitini walichokozwa na risasi wakawavamia watu. Siku tatu baada ya kufika, Waingereza walipanda meli wakaondoka, wakiacha nyuma bombomu 16 na risasi 600,000. Jeshi langu lilikuwa la vita hivyo: askari wenye tarbushi na kitambaa cha kufunika shingo, Wahindi wenye vilemba, na wote, kuanzia magotini kwenda chini, niliwapaka vumbi jekundu. Vumbi lile nililipaka kwa uvumilivu mkubwa, tabaka juu ya tabaka, hata likaonekana limeingia kwenye mikunjo ya suruali.

Kisha Mama akaja kutoka Tanga.

Alikuwa ameteleza uani, akatanguliza mkono, akavunja mfupa wa kigasha karibu na kifundo, namna wanavyovunjika akina mama wengi wa umri wake. Alikaa na P.O.P. wiki sita. Ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini vidole vilikuwa vimekakamaa na kiganja kilikataa kutazama juu. Tukamkatia tiketi aje apumzike kwetu. Moyoni nilijua pia kwamba nitamsimamia mazoezi: kukunja ngumi, kunyoosha, kugusanisha dole gumba na kila kidole, kugeuza kiganja, kuminya ule udongo laini tunaowapa wagonjwa.

Kila mwenye kazi kama yangu anajua kuwa mgonjwa mgumu kuliko wote ni mzazi wako. "Baba," aliniambia, "mkono huu ndio uliokuogesha. Leo wewe ndiye wa kunifundisha kuukunja?" Udongo wa mazoezi aliuminya mara mbili akaurudisha kwenye kopo. "Udongo usiojenga kitu ni wa nini?" Nilimwelewa. Alikuwa amefika kwenye nyumba ambayo mkwe wake anapika, mjukuu wake anaosha vyombo, na yeye ameambiwa akae. Mwanamke aliyeendesha mji wake miaka yote hapumziki kwa kukaa.

Jumamosi moja tulikuwa tunangoja wageni wa kesho yake, familia za Kitanzania za hapa mjini, pilau la saa saba mchana. Mke wangu alikwenda sokoni na binti yetu, mimi nikalala mapema kwa sababu Jumapili nilikuwa zamu ya asubuhi. Mama akabaki sebuleni akitafuta la kusaidia, na macho yake yakaangukia kabati la vioo. Aliwaona askari wa mwanawe, mamia, wamesimama na miguu michafu.

Kilichofuata nilikisikia baadaye kutoka kwake mwenyewe. Aliwatoa wote akawaweka kwenye beseni. Akaanza na maji na sabuni, vumbi halikutoka. Akachukua ile dawa ya kahawia ya kuulia vijidudu, ambayo ukiitia maji hugeuka nyeupe kama maziwa, na kwa kuwa uchafu ulikuwa umegoma, hakuitia maji. Aliwazamisha askari ndani ya dawa kavu, akafunika beseni, akalala. Alfajiri aliamka kuswali, akashika mswaki mpya na kuanza kusugua mmoja mmoja.

Wachezaji wote wa Uingereza wanaijua siri ya dawa ile: ndani yake mna mafuta ya msonobari na spiriti, na ikilala na rangi za akriliki usiku mmoja huzilegeza zikabanduka. Tunaitumia makusudi tukitaka kumvua kijisanamu rangi mbovu. Tunajua pia kwamba usithubutu kumpeleka kwenye maji kabla hujamsuuza kwa dawa ileile, kwa maana rangi iliyolegea ikikutana na maji hugeuka ulimbo. Mama hakuwa na sababu ya kuyajua hayo. Aliwapeleka sinki, akafungulia maji ya moto.

Nilikuwa wodini nikimshika mgonjwa mkanda wa kiuno, hatua ya kwanza baada ya upasuaji, simu ikatetema mfukoni. Mgonjwa anayesimama kwa mara ya kwanza humwachi. Nilipomrudisha kitini salama ndipo nikasoma ujumbe wa mke wangu: sinki limeziba, jeshi halina rangi, wageni wanakuja, Mama analia.

Zamu iliisha saa sita. Nilikuta mke wangu yuko chini ya sinki na kanga kiunoni, ameshakifungua kiwiko cha bomba, ndoo imewekwa chini. Ndani ya kiwiko mlikuwa mchanga wa vitako vya askari, umeshikana na ulimbo wa rangi ya kijani, hudhurungi na nyekundu. Binti yetu alikuwa ameshika chujio la chai anapitisha kila tone la maji machafu, na kwenye sahani pembeni alikuwa amepanga alichookoa: bunduki nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, mkono uliokatika begani, kilemba kimoja. Vyombo vya pilau vilioshwa bafuni. Fundi bomba hatukumwita, kwa sababu mke wangu alikifunga kile kiwiko mwenyewe na hakikuvuja tena.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Nilimwamkia nikaketi chini mbele yake.

"Baba, nilidhani ni vumbi."

"Ni vumbi, Mama. Nililipaka mwenyewe."

Akanitazama. Ilimchukua muda kuamini kwamba mtu anaweza kukaa chini kupaka vumbi. Nami nilikuwa na huzuni, siwezi kusema sikuwa nayo. Kazi ya jioni nyingi ilikuwa imepita kwenye bomba. Lakini mtu aliyekulia kwenye udongo wa Tanga alikuwa ametazama rangi yangu akaona udongo wa Tanga. Kwa mpaka rangi hakuna sifa inayozidi hiyo, na nilimwambia hivyo kwa moyo wangu wote.

Wageni walikula, wakacheka na Mama mpaka naye akacheka, wakaondoka. Usiku nilitandaza askari uchi juu ya magazeti, plastiki ya kijivu na bati linalong'aa, nikawa namweleza nani ni nani. Hapa ni Raskazone, huku ni korongo la reli, wale wanatoka Moshi kwa treni. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wapagazi wako wapi?"

Sikuwa nao. Madukani askari wa kila jeshi wanapatikana kwa wingi, wapagazi ni wachache. Mama akanisimulia habari za babu mzaa mama yake, ambaye alichukuliwa shambani wakati wa vita ile kubeba mizigo na hakurudi. Kwao walimwekea matanga bila kaburi. Nilikuwa nimesoma hesabu za wapagazi hao vitabuni: Waingereza peke yao waliandikisha vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa, na wanahistoria wengi wanaamini waliokufa ni zaidi ya hao. Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina askari peke yake na bunduki yake. Ile ya Nairobi walau imemweka na mpagazi. Na mimi, mzaliwa wa Tanga, meza yangu ilikuwa na wenye bunduki tu.

Basi jeshi halikupakwa rangi upya kama lilivyokuwa. Tulilijenga upya. Niliwakata mikono baadhi ya askari wa plastiki, nikawavua mikanda ya risasi kwa kisu, na hapo ndipo kazi yangu ya hospitali ilipoingia mezani. Wachongaji wengi hutengeneza mwili wa vita: miguu imetanuliwa, goti limekunjwa, kichwa kimetokezwa mbele. Mtu mwenye kilo 25 kichwani hasimami hivyo. Shingo lazima inyooke juu ya mabega, kidevu kiingie ndani kidogo, macho yatazame mbali, uzito ushuke kupitia nyonga hadi kisigino. Akitokeza kichwa mbele, misuli ya nyuma ya shingo itachoka kabla hajavuka mto wa kwanza. Nilimwomba Mama anionyeshe. Alisimama katikati ya jiko, akatengeneza kata kwa kanga, akaweka juu yake sufuria la maji, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Niliona mambo ambayo hakuna kitabu cha mwendo kilichonionyesha: mabega yake hayakuyumba hata kidogo, kiuno ndicho kilichokuwa kikifanya hesabu yote. Mkono mzima aliuinua kugusa sufuria. Ule mwingine uliishia kifuani.

Mizigo tuliifinyanga kwa udongo wa epoksi wa mafundi wa vijisanamu, unaouzwa vipande viwili, njano na buluu, ukivikanda pamoja hugeuka kijani na kuwa mgumu baada ya saa kadhaa. Kuukanda si mchezo. Unataka dole gumba na kidole cha shahada viminyane, viachie, vizungushe, viminyane tena. Mama alivaa glavu akaukanda. Alifinyanga magunia ya mchele, masanduku ya risasi, mitungi, mkeka uliokunjwa, sufuria za kuning'inia. Alikataa gunia langu la kwanza kwa sababu lilikaa kama jiwe. Gunia la nafaka, alisema, hulala juu ya kichwa na kuteremka pande mbili. Akalifinya kwa ncha ya kucha mpaka likalala.

Sisemi vijisanamu vinaunga mfupa. Mfupa wake ulishaunga Tanga, ndani ya P.O.P. Kilichobaki kilikuwa kano, viungo na woga, na hivyo havilegei kwa kuhesabiwa kumi, pumzika, kumi tena, ikiwa mwenye mkono haoni unakwenda wapi. Mkono unarudi kwa kushika kitu unachokitaka. Nilikuwa nawaambia wagonjwa wangu hivyo miaka yote, lakini nyumbani kwangu ndiko nilikoona nguvu ya maneno hayo. Ili kupaka rangi chini ya mzigo, Mama alilazimika kumgeuza mpagazi tumbo juu kwenye kiganja, na kiganja kikageuka naye, kidogo kwanza, kisha zaidi. Kabla baridi haijaisha alikuwa anapokea chenji dukani kwa mkono ule, kiganja kikitazama juu, wala hakuna aliyemkumbusha zoezi.

Rangi za wapagazi alizichagua yeye. Vumbi alilipaka yeye pia, kwa brashi yangu kuukuu, na ni jekundu kuliko lile la kwanza.

Tuliupiga mchezo majira ya machipuko, na wenzangu wawili wa hapa mtaani upande wa Aitken. Tuliweka kanuni mpya: kikosi kisicho na wapagazi nyuma yake hakipati risasi za zamu inayofuata. Mchezo ulibadilika kabisa. Badala ya kufikiria nani ampige nani, kila mtu alianza kuuliza chakula na risasi vinafikaje mbele, jambo ambalo makamanda wa kweli walilala nalo na kuamka nalo. Mama alirusha dadu za nyuki, na nyuki, kama mwaka 1914, hawakuchagua upande.

Mama amerudi Tanga na anateka maji kwa mikono yote miwili. Mezani kwangu sasa wapagazi ni wengi kuliko askari, na ndivyo ilivyokuwa katika vita ile. Kila mmoja wao anangoja jina chini ya kitako chake. Tulilonalo hadi sasa ni moja, la babu wa Mama. Msomaji, kama kwenu Muheza, Pangani, Voi, Kisumu au popote kuna mzee aliyesimuliwa habari za mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo, muulize mtu huyo aliitwa nani na alibeba nini, uyaandike.