Hongera kwa Sakafu ya Moto

Tumpongeze jirani yetu wa Njombe, aliyezika nyaya za umeme chini ya vigae vya sebule ili aikomeshe baridi ya Julai. Warumi walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu miaka 2,000 iliyopita, Wakorea wana ondoli, sakafu yao ya moto, hadi leo. Sasa na sisi tumo. Kwa wati 150 kila mita ya mraba, sebule ya mita za mraba 12 inameza karibu uniti mbili kwa saa. Luku inalia, lakini hicho ni kilio cha maendeleo.

Wapo mahasidi wanaouliza habari za vioo vilivyopukutika kwenye luva, na ule uwazi chini ya mlango ambao paka hupita bila kuinama. Hawajui ukarimu! Wengine huota moto peke yao; huyu anawapasha wapita njia, miparachichi na mbingu yenyewe, maana dari bado. Fundi aliyeshauri waanze kwa kuziba madirisha alifukuzwa, na alistahili: nani huwaonyesha wageni dirisha lililozibwa?

Karibuni mjionee. Viatu vueni mlangoni. Makoti msivue.