Sifa za Kompyuta Inayojizimia

Wafalme wamesifiwa vya kutosha, na maharusi pia. Leo ni zamu ya kompyuta mpakato kuukuu, ile iliyoshuka bandarini ikiwa mtumba, ikauzwa Kariakoo kwa kiapo kwamba "hii haijatumika, bosi," na ambayo sasa huzimika katikati ya sentensi bila kuomba ruhusa. Wapo wanaoiita kimeo. Hao hawajakaa nayo wakaielewa.

Niambieni, ni mfanyakazi gani mwingine ofisini anayejua kikomo cha nguvu zake? Prosesa nyingi za kompyuta hizi zimewekewa mpaka wa joto usiopishana sana na nyuzi 100 za sentigredi, joto la maji ya chai yanayochemka. Ikikaribia hapo, kwanza hupunguza mwendo, ndiyo maana unabonyeza herufi nayo inajitokeza kwa wakati wake. Joto likizidi kupanda, hujikatia umeme papo hapo kabla haijaungua. Binadamu akizimia kwa joto hupepewa na kupewa maji. Kompyuta ikizimia hupigwa kofi la mgongoni, kisha huwashwa palepale ingali ya moto. Mstaarabu hapo ni nani?

Na joto lenyewe tumeipa sisi. Vumbi la miaka limejipanga kati ya feni na vibati vyembamba vya kipoza joto, limeshonana, hewa haipiti. Pesti iliyopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto imekauka zamani. Juu ya hayo tunaiweka kitandani, matundu yake yakazibwa na shuka, halafu tunaifungulia filamu. Haisemi kitu. Inavuma tu, mpaka jirani anauliza kama tumenunua mashine ya kusaga.

Ukweli wake nao haupatikani kirahisi mjini. Ikiwa inatumia Windows, ikishawashwa tena huandika katika kumbukumbu zake, chini ya jina Kernel-Power na namba 41, kwamba ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Sababu mara nyingi haiitaji. Mnaijua taarifa gani ya ajali iliyo fupi hivyo, tena imeandikwa na majeruhi mwenyewe, asimlaumu dereva?

Betri, nakiri, ina matumaini kupita kiasi. Inakuonyesha asilimia 40, unachomoa chaja kwa imani, giza. Lakini haikudanganyi kwa makusudi: seli za lithiamu zikizeeka, upinzani wa ndani huongezeka, na kazi nzito ikija volti zinaporomoka ghafla ilhali hesabu ya kwenye kioo bado inasoma shibe. Anayetaka kujua ukweli aandike amri ya powercfg /batteryreport. Atapewa ukurasa unaolinganisha uwezo betri iliyozaliwa nao na uliobaki. Usiusome usiku. Sifa zangu zina mpaka mmoja tu: betri ikivimba hadi ikainua kibodi, izime, usiichaji, usiitoboe, ipelekwe kwa fundi.

Inatufundisha hata uganga. Mwenye nayo hujua kwamba ikizimika baada ya nusu saa ya kazi nzito, tumbo likiwa la moto, ni joto. Ikizimika waya ukiguswa, ni tundu la chaja lililolegea (kwangu waya huo umeegemezwa kamusi, na kamusi haijawahi kuwa na kazi ya maana kama hiyo). Ikizimika hovyo hata ikiwa ya baridi, huchomoa vipande vya RAM, huvifuta, huvirudisha kimoja kimoja ili amkamate mkorofi. Watu wa kompyuta mpya hawajui lolote kati ya haya. Wao yao ikigoma wanapiga simu.

Halafu kuna nidhamu. Vidole vya mtu aliyelelewa na kompyuta hii hubonyeza Ctrl na S kila baada ya nukta, hata pale anaposoma tu habari za mpira. Hakuna semina iliyowahi kumfikisha hapo.

Ila fadhila kubwa kuliko zote ni udhuru. "Ilizima, mkuu, ikaondoka na ripoti yote." Nani atabisha? Mkuu mwenyewe anayo ya namna hiyo nyumbani. Sasa nasikia fundi amekuja na kipulizio chake, anajua hata kuishika feni isizunguke ovyo wakati wa kupuliza, na ana pesti mpya mfukoni. Akimaliza, kompyuta itakesha bila kuzimika, na ripoti inatakiwa Jumatatu. Fundi, nakuomba taratibu. Vumbi kidogo liache.