Sifa za Hema Livujalo

Washairi wetu wa pwani hawakuacha kitu: waliusifu mnazi kwa tui na makuti yake, wakalisifu jahazi kwa tanga lake, wakawasifu hata wapenzi waliowatesa, lakini kila nikitafuta katika diwani za wakubwa sijamwona aliyelitungia hema bovu walau ubeti mmoja, wala sidhani kuwa usahaulifu huo ni wa haki, kwa kuwa hapana chombo kinachomtumikia kwa ikhlasi Mkristo aliye ugenini siku ya Noeli kuliko hema kuukuu ambalo mshono wake wa juu umeachia.

Zingatia hali ya mwungwana anayekwenda kuila Noeli kwao. Tangu Desemba kuandama hana raha: mabasi ya Moshi na Arusha yamejaa, nauli imepanda pasipo tangazo, na akifika kwao, kuwe Rombo au Muheza, hugundua kwamba katika ukoo mzima mwenye mshahara ni yeye peke yake, shangazi anataka kitenge, mjomba anataka koti, paa la jiko linangoja mabati, mbuzi anangoja kisu, na watoto wa ndugu, ambao baadhi yao hajapata kuwatia machoni, wamejipanga mlangoni kwa umri wakingojea nguo mpya, na pilau ikiwa ingali kooni, mzee mmoja hukohoa, akauliza mbele ya hadhara iwapo mwaka huu nao umepita bila ya mchumba. Mwenye hema hana shangazi. Hakuna wa kumpigia hodi pasipo na mlango, wala hapana mzee atakayekubali kutambaa kwa magoti matopeni ili apate kumhoji mtu juu ya ndoa.

Fadhila hii niliihakiki Likoma, kisiwa cha Malawi kilichomo katika Ziwa Nyasa, karibu kabisa na bara ya Msumbiji, ambako nilifika kwa meli iitwayo Ilala, siku ambayo meli yenyewe iliridhia kuja. Mvua za nchi ile huanza Novemba, na ifikapo Noeli huwa zimepamba moto. Ile ya mkesha ilipoanza, hema halikunifanyia khiana ya kuvuja ghafla, bali lilianza kwa ustaarabu: tone moja liliota kwenye mshono, likaning'inia, likanenepa, likaniangukia baina ya nyusi, nikasogea kushoto, na tone nalo likatafuta njia, likasogea kushoto. Nikatega sufuria, na kwa kuwa sufuria niliyokuwa nayo ni moja, nayo ilikuwa na wali wa sikukuu, kabla ya alfajiri wali ulikwisha kuwa uji, nikaondokewa na taabu ya kufikiri nitafungua kinywa kwa kitu gani.

Asubuhi nilikwenda kusali katika kanisa kuu la Mtakatifu Petro, jengo adhimu la mawe ambalo wamisionari wa UMCA, ndio wale wale wa Magila kwetu na wa Mkunazini Unguja, walianza kulijenga mwaka 1903. Humo ndani palikuwa pakavu hata nikaona haya. Niliketi kati ya akina mama waliovaa sare zilizopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, nami shati langu lina madoadoa ya ukungu na harufu ya moshi. Mmoja wao alinitazama kwa huruma, akajivuta pembeni, na wenziwe wakajivuta vivyo hivyo, nikaachiwa nafasi ya watu watatu. Ni nani kwao hukirimiwa namna hiyo siku ya Noeli, wakati benchi la watu sita limebeba tisa?

Na ambaye hatosheki na fadhila, na aitazame nasaba ya walioikuta Noeli ugenini. Yule ambaye sikukuu ni yake hakuzaliwa kwao: wazazi wake walikuwa safarini kutoka Nazareti, na nyumba ya wageni ilikuwa imejaa. Vasco da Gama, kabla hajaja kutusumbua Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, Noeli ya 1497 ilimkuta baharini akiambaa pwani ya kusini ya Afrika, na nchi aliyoiona huko akaiita Natal kwa ajili ya sikukuu hiyo. Laiti angaliila kwao Ureno, akazingirwa na shangazi zake, huenda sisi tungalipumzika. Lakini taji la nasaba hii ni la Shackleton, msafiri wa nchi za barafu. Noeli ya 1902 yeye na wenzake Scott na Wilson walikuwa hemani juu ya barafu ya Antaktika, njaa imewashika na kiseyeye kimeanza kuwaingia, ndipo Shackleton alipochomoa katika soksi ya akiba pudini ndogo ya Noeli aliyokuwa ameificha njia nzima, wakaipasha moto, wakaila. Nauliza: ni katika nyumba gani ya matofali, yenye meza na vitambaa, watu wazima watatu wamepata kula chakula kilichotoka soksini, wakashukuru?

Wapinzani husema kwamba mwenye hema hulia usiku kwa kuwakumbuka wa kwao. Ni kweli, tena hao shangazi ndio huwa wa kwanza kukumbukwa. Lakini hilo nalo hema livujalo limekwisha kulitazamia, kwani katika maji mengi kiasi kile hakuna awezaye kuyabagua machozi, hata mwenyewe.

Hema lenyewe ningali nalo, limekunjwa uvunguni pamoja na vigingi vyake vilivyosalimika. Msomaji atakayelihitaji Noeli ijayo nitamwazima bila ya ujira wala rehani, kwa sharti moja tu: asijisumbue kulirudisha.