Waraka wa Franklin kwa Warumi

Ni uonevu kumdai Mkristo sura na mstari. Mjane anapofika kuomba ada ya mwanawe, mhazini wa kikundi hupapasa Biblia yake yenye zipu, hukohoa kidogo, kisha hutamka: "Mama, Mungu mwenyewe kasema, jisaidie nami nitakusaidia." Mjane huondoka na andiko mkononi, nalo halihitaji hata kuandikiwa risiti. Zipu haifunguliwi. Ya nini? Karatasi zile nyembamba huchanika upesi.

Wachokozi hudai maneno hayo hayamo katika vitabu 66 vya Waprotestanti wala 73 vya Wakatoliki. Eti katika hekaya za Aesop, Hercules alishamwambia hivyohivyo mwenye mkokoteni uliokwama matopeni. Na Benjamin Franklin, mpiga chapa, akayatia katika kalenda yake ya mwaka 1736. Lakini huyo Franklin si alikuwa mkazi wa Philadelphia? Na Filadelfia si imo kwenye Ufunuo? Basi.

Paulo, kwa kweli, hakuwa na jicho la mhazini. Katika Warumi 5 anasema msaada uliwafikia watu wakiwa bado dhaifu, hawajajifanyia lolote. Isaya 25 naye anamwita Mungu ngome ya maskini. Hayo yakisomwa kikaoni, sanduku si litabaki tupu?

Hata kitenzi chenyewe kina hekima. Mtoto akinyoosha mkono darasani na kuomba kwenda kujisaidia, mwalimu humruhusu mara moja, na hakuna anayejitolea kumsindikiza.