Watu Wangu Wote ni Sumu

Siku hizi ukimpigia mtu simu asipokee, usikimbilie kudhani ana kinyongo au ameishiwa chaji. Anatunza afya ya akili. Ukimtumia ujumbe akausoma akanyamaza, ameweka mipaka. Ukimfuata nyumbani ukamkuta anatazama mpira, miguu juu ya meza, basi anajipa muda. Kuna fundi wa aluminiamu alichukua malipo ya awali ya madirisha yangu tangu kabla ya mvua za vuli. Juzi ameniandikia, kwa upole wa hali ya juu, kwamba mawasiliano yangu yanamharibia utulivu wa nafsi. Madirisha nimeziba kwa maboksi. Mbu wanaingia na kutoka, nao wana utulivu wa nafsi wa kutosha.

Sisemi afya ya akili ni mzaha. Shirika la Afya Duniani lilipoanza kazi mwaka 1948 katiba yake ilishasema kwamba afya ni ustawi wa mwili, wa akili na wa kijamii, si kukosa ugonjwa tu. Ni mambo matatu hayo. Mwili tumeupeleka jimu, akili tumeikabidhi klipu za simu, na lile la tatu, jamii, tumelibloku.

Aliyeniletea habari hizi nyumbani ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Binti msomi, anafanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi huko Masaki, na kila akija Tabata kutusalimu anakuja na neno jipya. Safari hiyo alinitazama akasikitika. "Mjomba, shikamoo. Umechoka, mjomba. Inabidi ulinde amani yako." Nikamwambia marahaba, amani yangu inalindwa na mlinzi wa zamu ambaye naye analala. Hakucheka. Akanielekeza nichukue karatasi, niandike watu wote wanaonizunguka: anayeniongezea nguvu akae upande huu, anayeninyonya akae upande ule, halafu wa upande ule niwaondoe kimya kimya bila maelezo. Yeye mwenyewe alishamaliza zoezi. Alishajitoa kwenye grupu la ukoo, na shangazi yake mkubwa, yule ambaye kila kikao anauliza "mchumba yuko wapi?", alishambloku zamani.

Nikachukua karatasi. Mimi ni mtu wa kusikiliza vijana. Nikaanza na mtani wangu.

Mtani wangu ni Mhehe wa Iringa, mimi ni Mngoni wa Songea, na kwa miaka yote tuliyofahamiana hajawahi kunisalimia salamu ya mtu mwenye akili. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi anapiga simu kuniuliza kama nimeshafunga mizigo, maana Wangoni tumekaa vya kutosha, tulivuka Zambezi mwaka 1835 bila kualikwa na mtu, na Afrika Kusini bado ipo, mabasi yapo. Mimi namuuliza mbwa gani tena amepotea mtaani kwake. Akija nyumbani hapigi hodi. Anafungua friji, anakula chapati nilizowaficha watoto, kisha anamgeukia mke wangu na kumwambia, "Shemeji, bado hujachelewa, kimbia." Kwa vipimo vya mpwa wangu huyu si mtu mwenye sumu. Ni kiwanda.

Sasa niambieni, huyu ninamwondoaje? Wangoni na Wahehe walipigana kati ya mwaka 1878 na 1882, damu ikamwagika, mshindi hakupatikana. Tulivyosimuliwa sisi, wazee walipoona hawawezi kumalizana kwa mkuki, walikubaliana wachokozane kwa mdomo mpaka kiama. Masharti ni mawili: mtani hakasiriki, na kwenye msiba wa mtani lazima uende. Wengine walifika hapo kwa biashara. Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na misafara ya meno ya tembo wakawa watani wa Wazaramo waliowakuta njiani. Namna yoyote uliyoanzia, ukishakuwa na mtani umepata mtu ambaye ana haki ya kukuudhi na wajibu wa kukuzika.

Jambo hili liliwashangaza hata waliotutawala. Pale Amani, Usambara, alikuwako Mwingereza mmoja, R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege. Ndege hasa, maana kuna kindege adimu wa misitu ile anayebeba jina lake mpaka leo. Bwana huyu aliwaacha ndege kidogo akaandika kuhusu utani wa Tanganyika, makala ikatoka mwaka 1944. Namwelewa kabisa. Mtu ameshinda msituni akisikiliza viumbe vidogo vikipigiana kelele, anashuka kijijini anawakuta wakubwa wenye mashati, lazima atafute kalamu.

Baba yangu alipofariki, nilikaa mkekani chakula hakipiti. Kila aliyeingia alinishika bega na kuniambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Waliokuja mapema waliniambia jikaze, waliochelewa wakarudia. Nilijikaza mpaka taya zikauma. Machozi hayakutoka, usingizi haukuja, na mama alikaa pembeni hasemi na mtu.

Mtani akashuka kwenye basi la usiku kutoka Dar. Alianza kulia tangu barabarani, kwa sauti iliyowashinda wafiwa wote, akafika uani, akanyamaza ghafla, akauliza: nani atalipa deni ambalo marehemu anadaiwa na babu zake tangu enzi za vita? Wanawake wakaanza kuficha kicheko kwenye khanga. Akaingia ndani bila ruhusa akatoka amevaa koti la baba na kofia yake, mkono mmoja nyuma, anatembea mwendo wa baba kabisa, ule wa kukagua mahindi, huku analalamikia bei ya mbolea. Mama alimtazama. Akacheka. Alicheka mpaka khanga ikamwanguka, halafu kile kicheko kikageuka kilio, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulia tangu siku ile.

Makaburini mambo yakawa mabaya zaidi. Mtani aliruka ndani ya kaburi akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe, kwa sababu alilichimba yeye tangu alfajiri na viganja vimechubuka. Hilo la viganja lilikuwa kweli. Wazee wakajadiliana naye kwa ukali wote unaostahili, akapandisha bei, akashusha, mwisho akakombolewa kwa noti chache zilizochakaa na kuku mmoja. Usiku akaniletea ugali na nyama, akakaa mbele yangu akisema nile haraka kabla hajanitajia ni nyama ya nini. Nikala. Nimetazama klipu nyingi ambazo mpwa wangu amenitumia, na sijaona hata mtaalamu mmoja anayeshauri mtu akalale kwenye kaburi la baba yako. Labda zipo za kulipia.

Basi mtani nikashindwa kumpanga upande wowote, nikaruka kwenda kwa mama wa genge. Huyu nilidhani ni rahisi. Naenda kununua nyanya, mbele ya wateja wengine ananipima kuanzia kichwani: "Baba, mbona umekonda hivyo? Mama hapiki, au ndiyo sukari?" Foleni nzima inageuka kunitazama. Lakini ni yeye aliyegundua kwamba jirani yetu mmoja, kijana aliyeachishwa kazi, hajaonekana dukani muda mrefu. Wengine tulisema amesafiri. Yeye akasema hakuna anayesafiri na kuacha kandambili mlangoni, akatuma mtoto akagonge, mtoto akarudi, akaenda kugonga mwenyewe mpaka mlango ukafunguliwa. Kijana alikuwa gizani, amelala tu, hali wala haogi. Mpwa wangu anaita tabia hiyo kuingilia faragha. Na kweli ameiingilia, tena kwa teke.

Nilimweleza hivyo, naye, kwa kuwa msomi habishi bila ushahidi, akanijibu kwa utafiti. Chuo Kikuu cha Harvard, akasema, kimekuwa kikiwafuatilia watu tangu mwaka 1938. Kilianza na vijana wa kiume 724, wengine wanafunzi wa chuo hicho hicho, wengine wa mitaa ya kimaskini ya Boston, kikawa kinawauliza mwaka hadi mwaka wanaendeleaje, kazini, nyumbani, hospitalini. Walioridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuja kuwa na afya njema wakifika 80, na jambo hilo lilitabiri uzee wao vizuri kuliko kiwango cha kolesteroli. "Umeona, mjomba? Mahusiano bora." Nimeona. Nimeona Wamarekani wametumia zaidi ya miaka 80 na fedha zisizohesabika kuwauliza watu "mbona umekonda?"

Kuhusu ndoa sisemi mengi, kwa kuwa gazeti hili linaingia nyumbani kwangu. Nitasema tu kwamba hata serikali haituamini tukiachwa wawili na mipaka yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida, haikuruhusu kukimbilia mahakamani kudai talaka kabla hamjapita kwenye Baraza la Usuluhishi. Mkae kwenye benchi, wazee na akina mama wawaulize nani aliacha kuongea na mwenzake kwanza, na kwa nini. Aibu ya lile benchi peke yake imeokoa ndoa kadhaa ninazozijua. Wahusika waliona heri waongee chumbani.

Hata hivyo mpwa wangu si mjinga, na kuna mahali ananishika. Wapo watu wa kukimbia bila kugeuka nyuma. Anayekupiga si mtani. Anayekuhesabia pumzi na kukupekulia simu si mama wa genge. Na kuna mahali maneno ya mtaani yanagota, yanabaki yanazunguka tu. Sonona haiondoki kwa kuigizwa mwendo wa marehemu. Hospitali ya Mirembe ipo Dodoma tangu mwaka 1927, imetibu watu wengi wakarudi makwao kulima na kulea, na sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi la kurushiana kwenye daladala. Halafu tunashangaa mwanamume wa mjini yuko radhi atangaze ana taifodi, malaria na mgongo kwa pamoja, kuliko kusema hajalala wiki nzima na hajui kwa nini. Upo pia utani mmoja wa zamani kuhusu Wahehe na kamba, kila Mtanzania anaujua. Mtani wangu alimpoteza mdogo wake. Utani huo kwetu haupo, na hatukuhitaji kikao kuufuta.

Kule Zimbabwe walitafuta njia ya katikati, na wivu unanishika nikiifikiria. Daktari Dixon Chibanda, mwaka 2006, huko Mbare jijini Harare, alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani namna ya kumsikiliza mtu aliyezidiwa na mawazo. Bibi anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, unakaa naye, unasema. Akiona shida ni nzito, anakupeleka kwa wataalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Sisi vijiwe tunavyo kila kona, kahawa ipo, kashata zipo, bao lipo. Tatizo la kijiwe chetu ni kwamba ukikaa ukasema umeelemewa, mmoja atakuambia ni mkeo, wa pili atakuambia umerogwa, wa tatu atakukopa.

Karatasi yangu ilibaki na jina moja tu upande wa watu wasio na usumbufu wowote: mpangaji wa chumba cha uani. Hapigi simu, haulizi kitu, hagombani na mtu. Nikagundua simjui hata jina, nimemwandika "yule wa uani".

Nilidhani mjadala umeishia hapo. Wiki iliyopita mpwa wangu amerudi Tabata, safari hii na kijana mmoja mpole aliyenyooshewa shati. Anaolewa. Tumefurahi, tumepiga vigelegele, mke wangu amekwenda kuchemsha chai. Chai haijapoa, binti akatoa kompyuta mpakato, akafungua bajeti ya ukumbi, mapambo, keki na mshereheshaji. Kisha akanisogelea kwa sauti ya chini: "Mjomba, naomba uniunge tena kwenye grupu la ukoo. Na kama unazo, naomba na namba za akina shangazi."

Kamati imeshaundwa. Mtani wangu hakualikwa, kwa hiyo ni mwenyekiti. Ameshatangaza kwamba siku ya kumtoa bibi harusi atalala mbele ya gari, na ametaja kiwango. Kazi ya kuwapigia simu wote walioblokiwa nimepewa mimi, eti kwa kuwa nimewazoea watu. Wengi wamenisamehe kwa niaba yake. Shangazi mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, akasema atachanga, tena kadi ya watu wawili, ila kwa sharti moja: siku hiyo apewe kipaza sauti, na asipangiwe dakika.